Lenzi Kuukuu na Picha za Sura Katika Ukanda wa Dhahabu

Picha ya sura, yaani picha ambayo kiini chake ni uso wa mtu na hali aliyonayo, ndiyo inayowalisha wapiga picha wengi katika ukanda unaoanzia Shinyanga mjini, ukapita Kahama na Kakola, ukafika Katoro, Geita mjini na vijiji vya wachimbaji wadogo kama Rwamagasa na Nyarugusu. Bibi harusi wa sendofu, mhitimu wa kidato cha nne, mwanakwaya anayetaka jalada la albamu, mgombea wa udiwani na mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, limetoa mawe yenye dhahabu na sasa anataka picha ya kutundika ukutani, wote huja na ombi linalofanana: sura ionekane vizuri na vitu vilivyo nyuma yake vififie. Ombi hilo ni gumu kutimizwa kwa kamera kama ilivyotoka dukani, kwa sababu kamera nyingi za bei ya chini huuzwa pamoja na lenzi moja ya milimita 18 hadi 55 ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo, ilhali lenzi mpya za kazi hiyo, hasa zile za milimita 85 zenye tundu kubwa, mara nyingi huwa na bei inayokaribia au kuzidi ya kamera yenyewe.

Kati ya hali hizo mbili ipo njia ya tatu, ambayo wapiga picha wa nchi nyingi wameifuata tangu kamera za kidijitali zienee, nayo ni kutumia lenzi kuukuu zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu, hasa kati ya miaka ya 1950 na 1980, ambazo mpigaji huzilenga kwa kuzungusha pete kwa mkono badala ya kutegemea mota. Njia hiyo ina faida ya kweli kwa mtu mwenye fedha kidogo, lakini pia imejaa sifa zilizotiwa chumvi, na mnunuzi anayeanza kwa kuuliza lenzi ipi ni maarufu huishia mara nyingi na chombo kizuri kisichoingia kwenye kamera yake. Uchaguzi wa busara hufuata mpangilio mwingine: kwanza kamera iliyopo mkononi, kisha mahali picha zitakapopigwa, kisha hali ya vioo vya lenzi yenyewe, na jina la lenzi huja mwisho kabisa.

Ili mpangilio huo ueleweke, ni lazima kufahamu namba mbili zinazoandikwa kwenye ukingo wa mbele wa lenzi. Namba inayotajwa kwa milimita ni urefu wa fokasi, ambao kwa maneno mepesi ndio unaoamua kama lenzi inaona eneo pana au jembamba. Namba ya pili, inayoandikwa kama 1:2 au f/2, huonyesha ukubwa wa tundu ambalo mwanga hupitia, nayo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu, hivyo kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya milimita 58 yenye f/2 hufungua tundu la milimita 29 hivi, ilhali lenzi ya kawaida ya 18 hadi 55, ambayo ikivutwa hadi mwisho hubaki na f/5.6, hufungua tundu la takriban milimita 10 tu. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mambo mawili ambayo wateja huyaona bila kuyajua kwa jina. Lenzi ya f/2 hupitisha mwanga mara 8 zaidi ya ile ya f/5.6, jambo linalosaidia sana ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, na pia hufanya kila kitu kilicho mbele au nyuma ya sehemu iliyolengwa kipoteze ukali wake haraka, hata ukuta wa matofali wenye mabango ya matangazo ukageuka kuwa rangi tupu.

Kuhusu urefu wa fokasi, husemwa mara nyingi kwamba lenzi fupi huharibu pua na lenzi ndefu hurembesha uso, kauli ambayo ni nusu ya ukweli. Kinachobadilisha umbo la uso katika picha ni umbali uliopo kati ya kamera na mtu: mpigaji akisogea hadi nusu mita, pua huwa karibu na kamera kuliko masikio kwa kiwango kinachoonekana, na kwa hiyo hukuzwa kuliko masikio, akirudi nyuma hadi mita moja na nusu au zaidi, tofauti hiyo hupungua na uso huwa na uwiano ambao macho ya watu yameuzoea. Kazi ya lenzi ndefu ni kumwezesha mpigaji asimame katika umbali huo bila sura kuwa ndogo ndani ya picha. Hapo ndipo penye unafuu mkubwa kuliko wote, kwa sababu kamera nyingi za bei nafuu zina sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, iliyo ndogo kuliko picha ya filamu ya milimita 35, na sensa hiyo hukata kingo za picha inayoletwa na lenzi kuukuu kwa uwiano wa 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm, na 1.6 kwa Canon. Lenzi ya milimita 50, ambayo zama za filamu ilikuwa ya kazi zote, hugeuka katika kamera hizo kuwa lenzi ya sura inayolingana na ya milimita 75 au 80, na lenzi za milimita 50 hadi 58 ndizo zilizotengenezwa kwa wingi zaidi, kwa maana zilitolewa pamoja na kamera, na ndizo ambazo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini zaidi.

Mahali pa kazi pia pana sauti katika uamuzi huu. Kwa kamera yenye sensa ndogo, mtu anayepigwa picha kuanzia kifuani kwenda juu kwa lenzi ya milimita 58 humtaka mpigaji asimame umbali wa mita moja na nusu hivi, kwa lenzi ya milimita 85 mita mbili na robo, na kwa lenzi ya milimita 135 mita tatu na nusu. Mteja akitaka aonekane mzima, kutoka utosini hadi kwenye viatu, umbali huo hufika mita 5 kwa lenzi ya 58 na kupita mita 11 kwa lenzi ya 135. Studio iliyo ndani ya chumba kimoja cha duka, chenye kina cha mita nne pamoja na kitambaa cha nyuma, haiwezi kabisa kuitumia lenzi ya 135 wala ya 85 kwa picha nzima, na hata kwa ya 58 itapungukiwa na nafasi. Mpigaji anayefanya kazi viwanjani, makanisani na kwenye mialo ya kuoshea dhahabu hana kizuizi hicho. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu huagiza lenzi kutoka ng'ambo kabla ya kupima chumba chao kwa futi.

Linalofuata ni suala ambalo huwagharimu wanunuzi kuliko jingine lolote. Kila kampuni ya kamera ilibuni kiungo chake cha kufungia lenzi, ambacho wapiga picha hukiita maunti, na kila maunti ina umbali wake maalumu kati ya uso wa kiungo hicho na filamu au sensa iliyo nyuma yake. Lenzi huundwa ili itoe picha kali katika umbali huo huo, na ikikaa mbali zaidi na sensa, hata kwa milimita moja au mbili, hupoteza uwezo wa kulenga vitu vya mbali. Ili lenzi ya kampuni moja ifungwe kwenye kamera ya kampuni nyingine hutumiwa adapta, ambayo ni pete ya chuma yenye kiungo cha aina moja upande huu na cha aina nyingine upande ule, lakini pete hiyo ina unene wake, na kwa hiyo huwezekana tu pale ambapo lenzi iliundwa kwa umbali mkubwa kuliko ule wa kamera.

Tofauti hizi ni ndogo kwa jicho lakini ndizo zinazoamua kila kitu. Maunti ya skrubu iitwayo M42, iliyozaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1949 na kutumiwa baadaye na kamera za Praktica, Zenit na Pentax, ina umbali wa milimita 45.46. Kamera za Canon zenye kioo cha ndani, zile zinazojulikana kwa herufi DSLR, zina milimita 44, na kwa hiyo pete yenye unene wa milimita moja na nusu hivi hutosha kuziunganisha na lenzi za M42 bila hasara yoyote. DSLR za Nikon, kwa upande mwingine, zina milimita 46.5, umbali unaozidi ule wa M42, na matokeo yake ni kwamba lenzi ya milimita 58 ikifungwa kwa pete isiyo na kioo kwenye Nikon ya aina hiyo itaweza kulenga watu walio ndani ya mita mbili au tatu tu, na zaidi ya hapo kila kitu kitakuwa na ukungu. Zipo adapta zenye kioo kidogo cha kurekebisha kasoro hiyo, ila vioo vya bei rahisi hupunguza ubora wa picha kiasi cha kuondoa maana ya kununua lenzi nzuri. Mtego mwingine ni lenzi za Canon zenye maunti ya FD, iliyoanza mwaka 1971: kwa kuwa zimeandikwa Canon, wengi hudhani zitaingia kwenye kamera za Canon za leo, kumbe umbali wake ni milimita 42, na kampuni iliiacha maunti hiyo ilipoleta mfumo wa EOS mwaka 1987. Kamera zisizo na kioo cha ndani, kama Sony zenye umbali wa milimita 18 au Canon za RF zenye milimita 20, hupokea karibu kila lenzi ya zamani, zikiwemo hizo za FD, kwa sababu zimeacha nafasi kubwa ya kuwekea adapta. Nyingi kati ya hizo, pia, huweza kuonyesha kwenye skrini kingo za vitu vilivyo ndani ya fokasi kwa rangi maalumu, msaada ambao kwa mtu anayelenga kwa mkono hauna mfano.

Kwa hiyo mwenye Canon DSLR aliyeko Kahama na mwenye Nikon aliyeko Geita wasinunue lenzi moja, hata kama wamesoma sifa zile zile. Wa kwanza ana uwanja mpana wa lenzi za M42. Wa pili anafaa kubaki ndani ya familia ya Nikon, ambayo imetumia kiungo kile kile cha F tangu mwaka 1959, na kuchagua lenzi zilizotoka baada ya mabadiliko ya mwaka 1977 yaliyoitwa AI, kwa kuwa baadhi ya zile za kabla ya hapo zinaweza kuharibu kamera mpya zikilazimishwa kuingia. Afahamu vilevile kwamba kamera za Nikon za ngazi ya chini, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazipimi mwanga zikiwekewa lenzi hizo, na mpigaji atalazimika kupanga mwanga mwenyewe kwa kuangalia picha ya kwanza na kurekebisha, kazi ambayo huonekana ngumu mwanzoni lakini huzoeleka kwa mazoezi.

Kati ya lenzi za M42, iliyopata umaarufu kuliko zote ni Helios 44-2 ya milimita 58 na f/2, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit. Asili yake ni lenzi ya Kijerumani iitwayo Biotar ya kampuni ya Zeiss mjini Jena, ambayo Wasovieti walirithi michoro na ujuzi wake baada ya Vita Kuu ya Pili, wakaanza kutengeneza toleo lao katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye katika viwanda vingine, hadi zikafikia mamilioni. Sifa inayoipa jina ni namna majani au taa zilizo nyuma ya mtu zinavyoonekana kuzunguka sura yake kama maji ya kijito yanapopita kwenye mwamba. Jambo hilo lina sababu ya kimaumbile: miale ya mwanga inayoingia kwa mshazari kutoka pembeni hukatwa na kingo za mwili wa lenzi, na badala ya kila nukta iliyofifia kuwa duara kamili, huwa na umbo la tunda la limau, na malimau hayo yote hupangika kuelekeana na mzunguko wa picha. Lenzi ya kwanza kabisa iliyobuniwa kwa hesabu mahsusi kwa picha za sura, ile ya Joseph Petzval wa Vienna ya mwaka 1840, ilikuwa na mzunguko wa namna hiyo hiyo, ingawa kwa sababu tofauti kidogo.

Mwenye kamera ya sensa ndogo aelezwe bila kumficha kwamba sehemu kubwa ya mzunguko huo hataipata, kwa sababu hutokea pembezoni mwa picha, na pembezo ndizo zinazokatwa. Atakachopata ni lenzi ya chuma, yenye f/2, inayoweza kulenga hadi nusu mita, yenye nyuzi za kawaida za milimita 49 za kufungia vioo vya ziada, na yenye pete mbili za tundu, moja ya kuweka kikomo na nyingine ya kufungua na kufunga kwa ulaini, mpangilio unaomruhusu mpigaji alenge tundu likiwa wazi kisha alifunge bila kuondoa jicho kwenye kamera. Matoleo ya baadaye, kuanzia 44M-4, hayana swichi ya kuendesha tundu kwa mkono, na huhitaji adapta yenye ukingo wa ndani unaobonyeza pini iliyo nyuma ya lenzi. Bila ukingo huo, tundu hubaki wazi wakati wote. Mwenye Canon ya sensa kubwa naye awe mwangalifu, kwani sehemu ya nyuma ya Helios inaweza kugongwa na kioo cha kamera pale lenzi inapolengwa mbali.

Kwa wanaofanya kazi nje, lenzi ya milimita 135 ni ununuzi mwingine mzuri ambao husahaulika kirahisi. Viwanda vya zamani vilitengeneza lenzi za 135 kwa wingi, wapenda kamera wa leo hawazigombanii, na bei zake zimebaki chini. Pentacon ya milimita 135 na f/2.8 kutoka Ujerumani Mashariki, katika toleo lake la zamani, ina vipande 15 vinavyounda tundu, hivyo tundu hubaki duara hata likifungwa kidogo, na taa za mbali hubaki mviringo laini. Urefu wake unafaa pale ambapo heshima na afya vinataka mpigaji akae mbali. Kwenye makarasha, ambako mawe husagwa, vumbi laini la mawe ni adui wa mapafu na wa kamera kwa pamoja. Na mahali zebaki iliyochanganywa na dhahabu inapochomwa, mvuke wake ni sumu isiyoonekana vizuri wala kunusika, ambayo Tanzania imejifunga kuipunguza kwa kuridhia Mkataba wa Minamata. Mpiga picha hana sababu yoyote ya kusogelea karai linalochomewa zebaki, na akiwa na lenzi ya 135 anaweza kupata uso wa mchimbaji akiwa upande unakotoka upepo. Hata hivyo, umbali usigeuke kuwa njia ya kuchukua picha kwa wizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa sura ya mtu uzito wa kisheria, na katika mikoa ambayo watu wenye ualbino wameishi kwa hofu ya kuuawa, kuchapisha uso wa mtoto mwenye ualbino pamoja na jina la kijiji chake ni hatari ambayo hakuna mpiga picha mwenye dhamira anayepaswa kuileta.

Lenzi za Takumar za kampuni ya Asahi ya Japani, iliyotengeneza kamera za Pentax, nazo hutumia M42 na zina uundaji wa hali ya juu. Pete zake huzunguka kwa ulaini ambao lenzi nyingi za leo hazina. Super-Takumar ya milimita 50 na f/1.4 katika matoleo yake mengi ina kioo kilichochanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi hafifu, yaliyotumiwa ili kioo kipinde mwanga kwa nguvu zaidi. Mionzi hiyo ni midogo kwa mtu anayepiga picha kwa kawaida, ingawa kioo hicho kisisagwe wala kuvunjwa, lakini kwa miaka mingi hukifanya kioo kuwa cha njano kama chai ya rangi. Mwanga wa jua huondoa sehemu kubwa ya njano hiyo: lenzi huwekwa dirishani juu ya karatasi ya alumini kwa wiki kadhaa, na jua la Shinyanga lina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo, mradi kusiwe na kitambaa au karatasi karibu, kwa sababu lenzi iliyo wazi hukusanya jua na kuweza kuwasha moto. Kwa wenye Nikon, lenzi ya milimita 105 na f/2.5 ndiyo yenye sifa kubwa zaidi, nayo ndiyo Steve McCurry aliyoitumia mwaka 1984 kumpiga picha msichana wa Afghanistan iliyowekwa kwenye jalada la jarida la National Geographic mwaka 1985. Bei yake huakisi sifa hiyo, na asiyeimudu atatosheka na Series E ya milimita 100 na f/2.8, ambayo ni nyepesi na haina majivuno.

Lenzi yenye tundu kubwa inapofikishwa kwenye jua la saa sita la Kishapu au Bukombe hukutana na kikwazo ambacho vitabu vilivyoandikwa Ulaya hukitaja kwa haraka. Kwa ISO 100, ambayo ni kipimo cha chini cha wepesi wa sensa kupokea mwanga katika kamera nyingi, jua kali pamoja na f/2 hudai shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ifunguke kwa muda wa takriban sehemu 1 ya 6,400 ya sekunde, ilhali kamera nyingi za bei nafuu hukomea 1 ya 4,000. Picha itaungua. Dawa yake ni kufunga mbele ya lenzi kioo cheusi cha kupunguza mwanga, au kufunga tundu hadi f/4, au, iliyo bora kuliko zote, kumhamishia mtu kivulini: chini ya mwembe, kwenye baraza, au kando ya ngitiri, yale maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma na kufufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Majani ya migunga yenye matundu ya mwanga ndiyo mandharinyuma ambayo lenzi kama Helios huyapenda. Kivuli pia humstahi mtu mwenye ngozi nyeusi, ambaye jua la utosini humwachia macho yaliyozama gizani na paji la uso linalong'aa. Lenzi nyingi za zamani zina tabaka moja tu la dawa ya kuzuia mwanga kuakisi ndani ya vioo, tofauti na za leo zenye matabaka mengi, na kwa sababu hiyo hupunguza kiasi fulani tofauti kati ya weupe na weusi wa picha. Kwenye jua kali tabia hiyo huwa na manufaa, lakini jua likiipiga lenzi moja kwa moja picha yote hupauka, na kofia ya mpira ya kukinga kioo cha mbele ni kitu cha lazima.

Hali ya vioo ndiyo inayotenganisha lenzi rahisi na lenzi ya hasara. Adui wa kwanza ni kuvu, ambayo hukua ndani ya lenzi iliyofungiwa gizani penye unyevu na kuonekana kama nyuzi za buibui, na ikikaa muda mrefu huchimba dawa ya kioo hivi kwamba hata ikisafishwa huacha alama. Maeneo yaliyo karibu na Ziwa Victoria, kama Chato na Nkome, yana unyevu zaidi ya Shinyanga, ambayo tatizo lake ni vumbi, na lenzi inayohama kati ya sehemu hizo hukumbana na yote mawili. Kuigundua kuvu ni rahisi: tundu lifunguliwe lote, tochi ya simu iwekwe nyuma ya lenzi kwa mshazari, na jicho litazame kutoka mbele. Utando mweupe unaofanana na pumzi kwenye kioo ni mbaya zaidi kuliko mkwaruzo mmoja au miwili ya kioo cha mbele, ambayo huonekana kubwa kwa macho na haina athari ya maana katika picha. Punje chache za vumbi zilizo ndani hazina athari kabisa. Vipande vya tundu visiwe na mafuta, pete ya fokasi izunguke bila kukwama, hasa kwa lenzi za Kisovieti ambazo grisi yake hugeuka kuwa kama gundi, na skrubu zenye vichwa vilivyochubuka ni ushahidi kwamba fundi asiye na vifaa amekwisha kuifungua. Baada ya kununuliwa, lenzi ihifadhiwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, na vipakiti hivyo vibadilishwe kila vinaposhiba.

Haifai kumshawishi kila mtu anunue lenzi kuukuu. Mpigaji ambaye kipato chake ni harusi, ambako maharusi wanaingia ukumbini wakicheza na hakuna atakayerudia hatua kwa ajili ya kamera, anahitaji lenzi inayolenga yenyewe, na lenzi mpya ya milimita 50 na f/1.8, ambayo Canon na Nikon huiuza kwa bei ya chini kuliko lenzi zao nyingi, itamfaa kuliko Helios yoyote. Kwa lenzi ya 58 iliyofunguliwa hadi f/2, mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, eneo lenye ukali halizidi sentimita 5 hivi kutoka mbele hadi nyuma, maana yake mteja akiegemea mbele kidogo jicho lake limekwisha kutoka kwenye fokasi. Lenzi kuukuu inamfaa anayepiga watu waliotulia: wazee, wahitimu, wachimbaji wakati wa mapumziko, wacheza ngoma za Kisukuma za Bagika na Bagalu kabla hawajaingia uwanjani. Huyo naye aanze kwa f/4, ambako eneo la ukali huongezeka hadi karibu sentimita 10, na alenge jicho lililo karibu na kamera.

Kuhusu mahali pa kununua, pa kwanza pa kuuliza ni kwa wenye studio wa zamani wa filamu waliopo Shinyanga, Mwanza na Tabora, na kwa familia za watu waliosoma au kufanya kazi katika Umoja wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki zama ambazo Zenit na Praktica zilikuwa kamera za kawaida huko. Lenzi inayoweza kushikwa mkononi na kuangaliwa kwa tochi ina thamani kuliko iliyo nzuri kwenye tangazo. Anayeagiza kutoka nje aombe picha za lenzi yenyewe, si za mfano, ikiwemo moja iliyopigwa tochi ikiwa nyuma ya vioo na nyingine ikionyesha vipande vya tundu vikiwa vimefungwa, na ajumlishe kwenye bei adapta, usafirishaji na ushuru wa forodha kabla ya kuilinganisha na lenzi mpya ya dukani. Adapta na inunuliwe kwanza, kwa kuwa ni rahisi, na ijaribiwe kwenye kamera: ikilegea au ikikwama, au kamera ikikataa kupiga picha kwa kudhani haina lenzi, jambo ambalo katika kamera za Sony hurekebishwa kwenye menyu kwa kuruhusu shata ifanye kazi bila lenzi, ni afadhali kasoro hizo zijulikane wakati fedha ya lenzi bado iko mfukoni.